AFP, nzi wa matunda na kansa ya ini: jeni za tumboni zinapoamka ukubwani

Kipimo cha AFP ukikitafakari vizuri ni kipimo cha ajabu sana. Yaani unamtoa damu mzee wa miaka hamsini na kitu, mwenye wajukuu, alafu unatafuta protini ambayo ini lake lilitakiwa liache kuitengeneza kabla hajajua hata kutembea. Ukiikuta imejaa mno kwenye damu unaanza kuwaza kansa ya ini. Sisi watu wa maabara tunaweka sampuli kwenye mashine, namba inatoka, tunasaini, inayofuata. Nadhani wengi wetu hatujawahi kukaa tukajiuliza hiyo protini ilikua wapi miaka yote hiyo na nani kaiamsha.

Nani kaiamsha ndo habari ya leo. Ni ndefu, chukueni chai.

AFP kirefu chake ni alfa-fetoprotini. Mimba ikiwa changa inatengenezwa na kile kifuko kinachomlisha mtoto mwanzoni kabisa, baadae ini likishajijenga linachukua hiyo kazi na linaifanya kwa fujo, ikifika wiki ya 12 mpaka 14 damu ya mtoto aliye tumboni inakua na kama nanogramu milioni tatu kwa kila mililita, wakati mtu mzima mwenye afya kwa kawaida hafiki hata 10. Jeni yake iko kwenye kromosomu namba 4, jirani kabisa na jeni ya albumini, hizi mbili ni ndugu, zinafanana mpaka umbo la protini. Mtoto akishazaliwa albumini inashika usukani na AFP inazimwa taratibu, akifikisha mwaka hivi imebaki chenga. Imezimwa ila haijafutwa, na hapo ndo pa kushikilia. Kila seli ya ini lako wewe unaesoma hapa bado inayo hiyo jeni, nzima kabisa, imefungwa tu.

Protini yenyewe ilionekana mwaka 1956 kwenye damu ya vichanga waliokua bado tumboni, walioiona ni Bergstrand na Czar kule Sweden, na ikabaki kua kitu cha vitabuni. Alafu mwaka 1963 Moscow, Garri Abelev na wenzake wakaikuta kwa panya wakubwa wenye uvimbe wa kansa ya ini. Panya mzima, mkubwa, anatoa protini ya kitoto! Mwaka uliofuata Yuri Tatarinov, yeye alikua Astrakhan, akaripoti kitu hichohicho kwa binadamu wenye kansa ya ini. Kuanzia hapo kansa ya ini ikawa moja ya kansa za mwanzo kabisa kupata kipimo cha damu, na pia ikawa ushahidi wa kwanza ulionyooka kwamba seli ya kansa inaweza kufungua tena faili la tumboni.

Sa ili ieleweke kwanini hili ni jambo kubwa lazma tujue ini linajengwaje. Wiki ya tatu kuelekea ya nne ya mimba kuna mrija ambao baadae utakua utumbo, na moyo ambao ndo kwanza unaanza kudunda umekaa karibu yake. Moyo unatoa protini zinazoitwa FGF, tishu nyingine za jirani zinatoa BMP, na sehemu ya ule mrija ikipokea hizo taarifa zote mbili inabadilika, inachipua, inakua ini. Kwa hiyo ini lako lipo kwasababu moyo wako uliliambia liwepo, mi hii naipenda sana hata kama haina faida yoyote kwenye mtihani. Seli za chipukizi hilo zinaitwa hepatoblasti na bado hazijaamua maisha, zinaweza kuja kua seli za ini zenyewe au seli za mirija ya nyongo. Zinagawanyika kwa kasi, zinahama, zinapenya kwenye tishu za jirani, zinaita mishipa ya damu izifuate. Soma tena hiyo orodha alafu fikiria kansa inafanya nini mwilini. Ni orodha ileile.

Tofauti ni kwamba tumboni kuna anayesema basi. Jeni za ukuaji ni kama mafundi waliojenga nyumba, nyumba ikiisha wanalipwa wanaondoka, ila hawaendi mbali, wanakaa kijiweni hapo nje wanasubiri kuitwa. Na ini ni nyumba inayoita mafundi mara kwa mara kuliko karibu kiungo chochote. Mwaka 1931 Higgins na Anderson walikata theluthi mbili ya ini la panya, na kilichobaki kikajaza nafasi ndani ya wiki chache. Binadamu nae hivohivo, ndo maana mtu anaweza kumkatia ndugu yake kipande cha ini na wote wakaishi. Mtu mwenye virusi vya hepataitisi B ini lake linapigana miaka 20, 30, seli zinakufa zingine zinazaliwa kuziba pengo, kovu linajengeka juu ya kovu. Kila raundi mafundi wanaitwa. Siku moja kuna mmoja anakataa kurudi kijiweni.

Sasa tuwaongelee kwa majina, maana habari zao zimeanzia sehemu ambayo ukimwambia mtu anadhani unamtania, yaani kwenye nzi wadogo wale wanaozunguka ndizi zilizoiva sana.

Miaka ya 1970 mtafiti wa India, R.P. Sharma, alielezea nzi wa matunda waliozaliwa bila mabawa kwasababu ya hitilafu kwenye jeni moja. Jeni ikaitwa wingless, na nani angejali, nzi bila mabawa? Mwaka 1982 Roel Nusse na Harold Varmus wakiwa San Francisco wakawa wanatafuta ni jeni gani inayowapa panya kansa ya matiti pale kirusi fulani kinapojichomeka kwenye DNA yao. Wakaipata, wakaiita int-1. Miaka mitano baadae, 1987, ikagundulika int-1 ya panya na wingless ya nzi ni jeni moja! Ile inayomjengea nzi bawa ndo hiyohiyo ikivurugwa inamletea panya uvimbe. Wakaunganisha majina ikawa Wnt, na leo huwezi kusoma chochote kuhusu kansa ya ini bila kukutana nayo.

Inafanya kazi hivi. Ndani ya seli kuna protini inaitwa beta-katenini. Kama hakuna ujumbe wa Wnt kutoka nje, kuna kundi la protini zingine linaikamata beta-katenini, linaiwekea alama na inasagwa, kila siku, muda wote. Ujumbe wa Wnt ukija lile kundi linasimamishwa, beta-katenini inajaa, inaingia kwenye kiini cha seli inawasha jeni za kukua. Tumboni hii inatumika kukuza ini, na hata ukubwani inatumika kiasi, seli za ini zilizo karibu na mshipa wa kati zinaihitaji kufanya kazi zao za kila siku. Kwenye kansa ya ini ya watu wazima, karibu theluthi ya uvimbe una hitilafu kwenye jeni ya beta-katenini yenyewe, CTNNB1, pale hasa kwenye kipande ambacho alama ya kusagwa huwekwa. Alama haiwekwi, protini haisagwi, ujumbe unaonekana upo wakati haupo.

Kwa watoto ndo balaa zaidi. Kuna kansa ya ini ya watoto wadogo inaitwa hepatoblastoma, wengi wanaipata kabla ya miaka mitatu, na wengi wao wana hitilafu hiyohiyo ya CTNNB1. Ukiweka kipande chake chini ya hadubini unaona kabisa ini ambalo halijakua, na madaktari wa patholojia wanazipanga aina zake kwa kuangalia zinafanana na ini la umri gani tumboni. AFP yao inaweza kupanda mpaka mamia ya maelfu. Cha kushangaza, na cha kufurahisha, hii inatibika vizuri kuliko ile ya wakubwa, chemo ya sisplatini na upasuaji wa mapema vinaokoa watoto wengi sana panapokua na huduma.

Fundi wa pili anaitwa Hippo. Ndio, kiboko. Mwaka 2003 maabara kadhaa kwa wakati mmoja zilipata nzi ambao wakikosa jeni hii kichwa kinavimba na kukunjamana kama ngozi ya kiboko, na watu wa nzi ni watani sana kwenye kutoa majina. Kazi ya Hippo ni kusema basi, kiungo kimetosha. Inamzuia mwenzake anaeitwa YAP, ambae yeye kazi yake ni kusukuma seli zikue.

Mwaka 2007 kundi la Duojia Pan pale Johns Hopkins, Baltimore, likatengeneza panya ambao unaweza kuwasha YAP kwenye ini lao kwa kuwapa dawa na kuizima kwa kuacha kuwapa. Ini la panya kwa kawaida ni kama asilimia 5 ya uzito wake, walipowasha YAP likakua mpaka robo ya uzito wa mwili ndani ya wiki chache. ROBO. Mtu wa kilo 80 abebe ini la kilo 20. Walipozima likarudi saizi yake, kama vile hakuna kilichotokea. Ila walipoiacha imewaka kwa muda, kansa. Mimi katika tafiti zote za ini hii ndo naiona inaeleza vizuri kuliko zote, kwasababu inaonesha kukua na kansa viko kwenye barabara moja, tofauti ni umeshuka kituo gani.

Kuna nyingine inafanana nayo, ya Stanford mwaka 2004, hawa walitumia jeni ya MYC, nayo ni ya kusukuma seli zigawanyike. Panya wenye kansa kubwa ya ini, MYC ikizimwa seli za kansa zinageuka kua seli za kawaida za ini na za mirija ya nyongo, uvimbe unapotea. Ungeishia hapo ungepiga vigelegele. Walipoiwasha tena baadhi ya zile seli zilizoonekana zimetulia zikarudi kua kansa. Zilikua zimejificha ndani ya ini linaloonekana zima.

Alafu kuna SALL4, na hii nimeiweka mwisho kwasababu inanikera na kunivutia kwa wakati mmoja. SALL4 ni jeni inayowaka kwenye ini la tumboni na kuzimwa kwenye ini la mtu mzima. Mwaka 2013 watafiti wa Singapore na Marekani, Daniel Tenen akiwemo, walionesha kwamba kuna kundi la wagonjwa wa kansa ya ini ambao uvimbe wao umeiwasha tena, na hao ndo wanaofanya vibaya zaidi. Sawa. Sasa mnaikumbuka thalidomaidi? Ile dawa ya kichefuchefu cha ujauzito iliyouzwa Ujerumani kuanzia 1957 na kuondolewa sokoni 1961 baada ya watoto zaidi ya 10,000 duniani kuzaliwa na mikono na miguu iliyodumaa. Miaka karibu 60 watu walikua wanauliza ilifanyaje. Jibu kubwa likaja 2018: thalidomaidi inafanya seli iisage SALL4. Jeni ileile! Mtoto anaijenga mikono yake kwa kutumia SALL4, dawa inaiondoa, mikono haijengeki. Kwa hiyo janga kubwa la dawa la karne iliyopita limewaachia watafiti mlango wa kuingilia kwenye protini ambayo kansa ya ini inaitegemea, na kuna watu wanatafuta molekuli za aina hiyo zitakazoisaga SALL4 kwenye uvimbe. Naambiwa nisiwe na haraka na mimi sina haraka, ila hiyo mistari miwili kukutana hivo, acheni tu.

Hapa naomba nimlete baba mdogo. Yeye aligundulika ana hepataitisi B siku alipoenda kuchangia damu, kama Watanzania wengi wanavyogundulika. Kliniki wakamuandikia utrasaundi na AFP kila miezi sita, na mara moja majibu yakaja juu kidogo ya kawaida, akanipigia usiku.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba. Sa mwanangu, nimesoma kwenye simu, hii ni protini ya watoto. Inafanya nini kwenye damu yangu?"

Nikamweleza kwamba ini likiwaka moto wa virusi linajitibu, na katika kujitibu baadhi ya seli zinalegeza zile kufuli za zamani, kwa hiyo AFP inaweza kupanda bila kansa yoyote, ndo maana wanaangalia kama inaendelea kupanda na wanaangalia utrasaundi inasemaje. Akanyamaza kidogo. "Kwa hiyo ini langu limerudi utotoni halijaniaga." Ndio baba mdogo. Utrasaundi ilikua safi na kipimo kilichofuata kikashuka, na sasa anatumia tenofovia, dawa ya kukizuia kirusi, kila siku na bado anasoma vitu kwenye simu usiku.

Nimeileta kwasababu watu wanapata majibu ya AFP wanaanza kuaga ndugu. Mjamzito ana AFP ya juu na ni sawa kabisa, inatoka kwa mtoto. Baadhi ya uvimbe wa korodani unaitoa. Na upande wa pili, karibu theluthi ya kansa za ini haziitoi kabisa, kwa hiyo AFP ya kawaida peke yake haikupi cheti. Kipimo hiki hakitembei peke yake, kinatembea na picha.

Turudi kwenye swali, nani anaziamsha hizi jeni. Kwa ukanda wetu wahusika wawili wanajulikana kwa majina. Wa kwanza ni kirusi cha hepataitisi B, ambacho kina tabia ya kuchomeka vipande vyake kwenye DNA ya seli ya ini, na moja ya sehemu anazopenda ni jirani na jeni ya TERT. TERT nayo ni ya tumboni, inazipa seli uwezo wa kugawanyika bila kuchoka, seli za ini zilizokomaa huwa zimeizima. Kirusi kikichomeka pale inawaka. Hata kwa wasio na kirusi, hitilafu kwenye swichi ya TERT ni kati ya zinazoonekana mapema na mara nyingi zaidi kwenye kansa ya ini.

Wa pili ni sumukuvu, ile ya kwenye mahindi na karanga. Ini lenyewe ndo linaibadilisha kua kali katika kujaribu kuiondoa, inanata kwenye herufi G ya DNA na kuiacha imegeuka T, na mwaka 1991 makundi mawili, moja likipima wagonjwa wa kusini mwa Afrika na jingine wa Qidong huko China, yakaonesha inapiga sana sehemu moja ya jeni ya p53, kodoni ya 249. p53 ni mlinzi, ndie anaetakiwa kuiua seli iliyoanza kujifanya kichanga. Ukiwa na kirusi na sumukuvu kwa pamoja hatari haijumlishwi, inazidishwa. Alafu tunashangaa kwanini Afrika hii ya kwetu mtu anapata kansa ya ini akiwa na miaka arobaini na kitu, wakati kwa wenzetu ni ugonjwa wa wastaafu.

Matibabu ntapita haraka maana hakuna mengi ya kusherehekea. Dawa za kuzuia Wnt zilijaribiwa kwa wagonjwa wa kansa mbalimbali na baadhi zikadhoofisha mifupa, kwasababu mifupa nayo inatumia Wnt kujikarabati, na utumbo pia. Hilo ndo tatizo la kuwashambulia hawa mafundi, unawapiga na wale wanaofanya kazi halali. Ndo maana mimi matumaini yangu yako kwenye vitu ambavyo mtu mzima havitumii kabisa au havitumii sana, mfano glaipikani-3, protini ya tumboni ambayo inatokeza nje ya seli ya kansa ya ini. Kingamwili ya kwanza dhidi yake haikuwasaidia wagonjwa walipoijaribu. Ila mwaka 2024 watafiti wa Houston waliripoti kwamba walichukua seli za kinga za mgonjwa mwenyewe, wakazifundisha kuitafuta glaipikani-3 na kuziongezea IL-15, protini inayozichochea seli za kinga, ili zidumu, na theluthi ya waliotibiwa hivo uvimbe wao ukapungua. Ni watu 12 tu kwenye kundi hilo. Lakini walikua watu ambao dawa zingine zilishashindwa.

Chanjo ya hepataitisi B kwa watoto Tanzania ilianza 2002, kwa hiyo aliyezaliwa kabla ya hapo hakuipata utotoni, na hao ndo sisi tulio kazini saivi. Mkapime.

Kitu kinachoniuma ni hiki. Utafiti wa kansa ya ini miaka ya 60 na 70 Afrika Mashariki ilikua katikati ya uwanja. Profesa Michael Hutt wa Makerere na wenzake wa Marekani walipima vyakula vya Uganda na mwaka 1971 wakaonesha sumukuvu ipo zaidi kule ambako kansa ya ini ipo zaidi. Mwaka 1973 Peers na Linsell wakafanya hivo Murang'a, Kenya, kwa kufuata mwinuko wa ardhi, kadri unavyoshuka tambarare ndo sumukuvu inaongezeka kwenye chakula na kansa nayo inaongezeka. Vitabu vya dunia nzima vinawataja mpaka leo. Alafu ikaja zama za kusoma jeni zote za uvimbe, mradi mkubwa wa Marekani ukatoa ramani yake mwaka 2017, uvimbe 363, karibu wote wa wazungu na wa Asia, wenye asili ya Afrika wakiwa wachache wa kuhesabu. Kwa hiyo hizo habari za CTNNB1 na TERT nilizowapa hapo juu zimetoka kwenye maini ya watu ambao wengi hawajawahi kula ugali wa mahindi yaliyonyeshewa. Makueni na Kitui mwaka 2004 watu 125 walikufa kwa sumukuvu, Dodoma na Manyara 2016 wakafa 20, na hao ni wale waliokula nyingi kwa mpigo, wanaokula kidogo kidogo kila siku wanakuja kuonekana kwetu miaka 30 baadae na tumbo limejaa maji, na mara nyingi hata kipande cha uvimbe hakichukuliwi maana hakuna cha kumfanyia. Mtu akinipa friza moja ya nyuzi hasi 80 na jenereta ya uhakika, najua wilaya za kuanzia.